Shali ya ukungu

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeletwa Njombe na kazi, mwaka wa tatu sasa. Kufuma nilifundishwa na mama mwenye nyumba wangu, aliponikuta usiku mmoja wa mwezi wa saba nakula ugali nimejifunika blanketi kichwani. Rangi za maji nilikuja nazo mwenyewe kutoka pwani. Hapa naandika habari za kazi moja tu, tangu siku ya kwanza mpaka ilipotoka mikononi mwangu, pamoja na yaliyoharibika.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama amepiga simu. Anakuja tarehe 28 Juni, atakaa siku kumi. Nikamwambia, Mama, hiyo ndiyo baridi yenyewe, huku watu wanavaa makoti mchana kweupe. Akacheka. "Baridi gani? Mimi Lushoto nimelala." Lushoto alilala usiku mmoja, msibani, akarudi na mafua ya wiki mbili.

Basi nafuma shali. Ya pembe tatu, kubwa, ifunike mabega na mgongo wote. Rangi zake nataka zitoke kwenye kile ninachokiona kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni: anga la rangi ya malai, chini yake kilima chenye miti, kisha shamba la viazi lililochimbuliwa, na chini kabisa bondeni ukungu umetulia kama uji kwenye bakuli.

Leo nimejaribu kuchora picha ya kuniongoza, nimeharibu karatasi tatu. Kosa la kwanza ni karatasi yenyewe, niliyonunua kwenye duka la madaftari. Ikionja maji inajikunja kama dagaa juani. La pili ni haraka. Asubuhi za huku zina unyevu, rangi haikauki kwa dakika tano kama Tanga, na mimi nikarudi na brashi yenye maji wakati rangi ya kwanza bado mbichi. Maji mapya yakaisukuma rangi pembeni, yakatokea madoa yenye kingo za mawimbi, mfano wa ua la koliflawa. Na ukungu nimeupaka kwa rangi nyeusi iliyozimuliwa. Umetoka kama moshi wa lori.

Jumamosi, 12 Aprili

Makambako, kwenye mitumba.

Maduka ya uzi hapa mjini yanauza akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, na sina ugomvi nayo. Masweta ya shule ya mtaa mzima yametokana nayo. Lakini uzi nataka kuutia rangi mwenyewe kwa magome ya miti, na akriliki haishiki rangi hiyo, hata uichemshe mpaka Idi. Nataka sufu, na sufu ninayoimudu imo ndani ya masweta ya watu wa Ulaya waliokwisha kuyachoka.

Nilipekua marundo tangu saa tatu. Lebo ikisema sufu tupu ni mwanzo mzuri, ila lebo nyingi zimekatwa. Hapo unachomoa kipande cha uzi kwenye mshono wa ndani, unasogea kando, unakiwashia kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na jivu lake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Muuzaji alinitazama nikichoma uzi wa tatu, akaniuliza, "Kaka, unanunua au unateketeza?"

Kitu cha pili ni mishono. Sweta lililofumwa vipande kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa, linafumuka uzi mmoja mrefu. Lililokatwa kwa mkasi na kupigwa overloki ukilifumua unapata maelfu ya vipande vyenye urefu wa mkono. Nimechukua mawili: moja la shilingi 6,000, kubwa la kiume, rangi ya malai, na jingine la 4,000 kwa ajili ya akiba.

Jumatatu, 14 Aprili, usiku

La akiba limekufa. Aliyekuwa nalo kabla yangu alilifua kwa maji ya moto, likashikana likawa kama kitambaa cha koti. Hakuna uzi wa kuvuta. Mama mwenye nyumba amelichukua, anasema litakuwa kishikio cha sufuria.

Lile kubwa linafumuka kama dua iliyokubaliwa. Ukipata mwisho wake shingoni, unavuta tu, safu kwa safu, linacheka kr-r-r-r. Uzi unatoka umejipinda kama tambi za pakiti. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naufunga kamba sehemu nne usije ukachanganyika, naufua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo bila kuusugua, kisha nautundika na chupa ya maji ya nusu lita ikiuvuta chini. Ukikauka hivyo tambi zinanyooka.

Mvua. Umekauka siku ya tatu. Mizani ya jikoni inasema gramu 338. Nimegawa mafungu manne ya gramu 80, na gramu 18 za majaribio. Kumbukeni mgawanyo huu wa sawa kwa sawa, maana nilijiona mjanja.

Jumamosi, 19 Aprili

Karatasi nzuri imefika kwa basi kutoka Dar, ile nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, pamoja na sindano za mviringo za milimita 4, yaani sindano mbili fupi zilizounganishwa na waya laini. Hizi ni za lazima. Shali ya pembe tatu huanza na vitanzi 7 na kumaliza na mamia, hayaenei kwenye sindano ya kawaida. Mama mwenye nyumba amezishika, akazipindapinda, akanirudishia. Yeye alijifunza utotoni kwa vijiti vya mianzi alivyochongewa na kaka yake, baadaye akapanda cheo akafumia spoku za baiskeli zilizonolewa sakafuni.

Jumamosi, 26 Aprili

Chupa ya misumari, ya kukolezea rangi za sufu, imeiva. Niliiweka wiki mbili zilizopita: kiganja cha misumari yenye kutu, siki vikombe viwili, maji kikombe kimoja. Kifuniko nilikilegeza, kwa sababu chuma kikikutana na siki hutoa hewa, na chupa iliyokazwa inaweza kukupasukia. Maji sasa yana rangi ya chai iliyochacha na harufu ya sarafu.

Magome sikuyatafuta mbali. Njombe ni nchi ya miwati. Mti wenyewe asili yake ni Australia, ila umekaa huku mpaka watu wanauona wa kwao. Kampuni ya Tanganyika Wattle, Tanwat kama watu wanavyoiita, ilianza mwaka 1949, na biashara yake ya mwanzo ilikuwa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama, itokayo kwenye magome haya. Dawa hiyo ni tanini. Ndiyo hiyo hiyo inayokaza ulimi ukinywa chai iliyokaa sana kwenye birika. Kuni za mama mwenye nyumba ni miwati, na magome yanadondoka yenyewe uani. Nimeokota gramu 600, nikayakatakata, nusu nimeiloweka kwenye lita tano, nusu nimeiweka kavu.

Nilipoinama kuyanusa nikashtuka. Harufu naijua. Babu yangu alikuwa akiloweka mishipi na nyavu kwenye maji ya magome ya mkoko zisioze, pipa likakaa nyuma ya nyumba na maji mekundu kama chai ya rangi, sisi tumekatazwa kuligusa na sote tuna madoa kwenye kaptula. Nimesafiri zaidi ya kilomita mia nane kuja kufanya kazi ya pipa la babu.

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya masufuria. Nimeamka saa kumi na moja, nimemaliza saa mbili usiku, mikono kama ya fundi gereji.

Kwanza shabu. Nimeipata kwa muuza dawa za asili, kile kijiwe cheupe ambacho vinyozi hupaka mtu aliyekatwa na wembe. Shabu ndiyo gundi: huishika sufu kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono mwingine. Kwa fungu la gramu 80 nimeweka gramu 10, nimeiyeyusha kwenye maji ya moto, nikazamisha sufu iliyokwisha kulowa, moto wa chini kabisa, saa nzima. Isichemke. Na usiitoe ya moto ukaitia kwenye maji baridi, itashikana kama lile sweta la akiba. Nimeiacha ipoe humo humo.

Sufuria la kwanza, maganda ya vitunguu. Wauza vitunguu sokoni wamenipa kiroba kizima bure, na ushauri wa bure kwamba nioe. Maji yamekuwa ya machungwa, sufu imetoka dhahabu ya kuumiza macho. Si rangi ya kilima. Nimeongeza kijiko kimoja cha maji ya misumari na mbele ya macho yangu dhahabu ikageuka kijani cha zeituni. Sijawahi kuona kitu kinachonifurahisha zaidi ya hicho kikitokea ndani ya sufuria lisilo na chakula.

Sufuria la pili, magome ya miwati peke yake. Kahawia ya chai ya maziwa, yenye wekundu kwa mbali. Ndiyo shamba la viazi lenyewe.

Sufuria la tatu ni ukungu. Hili nililiogopa. Chuma kikikutana na tanini huzaa weusi, na kikizidi hula sufu, uzi unakuwa mkavu na kukatika. Nilichota sehemu ya maji ya miwati nikaizimua, nikaingiza fungu la tatu dakika ishirini tu, nikalitoa, nikatia vijiko viwili vya misumari, nikakoroga, nikalirudisha. Kwa dakika moja halikufanya kitu. Kisha kama mtu anayekumbuka jambo, likaanza kuwa zambarau ya jivu, halafu kijivu. Nikalitoa nikipiga kelele. Likining'inia kwenye kamba liliendelea kukolea, kwa sababu hewa nayo inafanya kazi yake.

Mama mwenye nyumba alitoka na kikombe cha chai, akautazama uzi kwa muda.

"Kijivu hiki cha nani?"

"Cha Mama. Ndio ukungu."

"Ukungu si mweupe? Ungeacha ule uzi ulivyokuja."

Sikuwa na jibu, nikasuuza masufuria. (Masufuria ya rangi hayarudi jikoni. Nimeyachora msalaba kwa rangi nyekundu.)

Jumapili, 4 Mei

Swali lake lilinilaza vibaya. Saa 12 na nusu nilikuwa mlangoni na kiti, kutazama tu, bila brashi.

Ukungu si mweupe. Unaonekana mweupe kwa sababu kilima nyuma yake ni cheusi. Nilinyanyua karatasi tupu nikaishika mbele ya bonde: karatasi ndiyo nyeupe, bonde ni kijivu chenye samawati, na kingo za juu zimeingiwa na kahawia ya shamba. Kumbe wiki zote hizi nilikuwa nauchora ukungu ninaoujua, wala sijauangalia huu uliopo mbele yangu.

Kisha nikafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Maji ya magome yaliyobaki yalikuwa kwenye kopo, na chupa ya misumari ipo. Nikachanganya matone kwenye kisosi, nikachovya brashi namba 8. Wino! Unaupaka umepauka kama chai nyepesi, unageuka kusema neno na mtu, ukirudi umekolea kuwa kijivu. Haukusubiri uamue. Nililowesha karatasi nzima kwanza, nikapaka kilima juu, nikaacha rangi ishuke yenyewe kwenye maji mpaka ikapotea bondeni. Chini sikugusa kitu. Huo ndio ukungu wangu wa kwanza usionuka dizeli.

Najua wino wa namna hii hula karatasi ukikaa miaka. Sawa. Picha hii haiendi makumbusho.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefuma kipande cha majaribio, rangi zote nne, vidole vinne kwa vidole vinne. Kwa macho kilikuwa kizuri. Nikakipiga picha kwa simu nikaondoa rangi, ibaki nyeusi na nyeupe, mazoea ya kwenye uchoraji. Zeituni na kahawia zikawa kitu kimoja! Hakuna mstari hata wa kusingizia. Zinatofautiana rangi, hazitofautiani giza, na mtu akisimama hatua kumi, jioni, taa ya stendi, kilima na shamba vitakuwa doa moja.

Zeituni imerudi sufuriani na kijiko kingine cha misumari. Sasa ni kijani cha jani kavu la mkaratusi, na kwenye picha ya kijivu mstari unaonekana.

Nimeanza jioni. Vitanzi 7. Kanuni yake ni fupi: kila safu ya mbele unaongeza vitanzi vinne, viwili pembeni na viwili katikati, kimoja kila upande wa uti wa mgongo wa shali, ambapo nimetia pini nisipotee. Safu ya nyuma unarudi bila kuongeza. Safu 200 jumla, rangi nne, safu 50 kila moja.

Jumamosi, 17 Mei

Safu ya 68. Inakwenda. Stendi ya bodaboda wananiuliza kama nafuma nyavu. Nimewajibu ndiyo, za kuvulia ukungu, wakaona nimeanza kuchanganyikiwa na baridi.

Jumamosi, 24 Mei

Safu ya 104. Malai ilibaki gramu 60 nzima, zeituni 20. Nimeandika pembeni ya daftari: "Tajiri!"

Umeme ulikatika jana saa moja. Nimegundua safu za nyuma mikono inazijua yenyewe gizani. Za mbele hapana. Nimefumua sita asubuhi.

Jumapili, 1 Juni

Si tajiri.

Kahawia imeniishia safu ya 141. Zimebaki safu tisa za shamba na sina uzi wa shamba. Nimekaa chini na penseli, jambo ambalo ningelifanya Aprili.

Shali inapanuka inavyoshuka. Safu ya kwanza ina vitanzi kidogo zaidi ya saba, ya mwisho ina 407. Kwa hiyo mikanda minne yenye safu sawa haili uzi sawa. Ukipiga hesabu za pembe tatu, mkanda wa kwanza ukila sehemu 1, wa pili unakula 3, wa tatu 5, wa nne 7. Kwa uzi wangu wa gramu 320 ni gramu 20, 60, 100 na 140. Mimi nimegawa themanini themanini kama mtu anayegawa pilau. Safu ya 100 niliyoisherehekea kuwa nusu ilikuwa robo ya kazi. Jumla ya vitanzi ni zaidi ya 41,000, na nimejipima kwa saa ya simu: vitanzi 15 kwa dakika nikiwa sijakatizwa, yaani saa 46 za kukaa kitako, na nyingi bado ziko mbele.

Siku 27. Chai imepoa. Kufumua nianze upya kwa hesabu sahihi siwezi. Nilichonacho ni kijivu gramu 80, malai 60, zeituni 20. Jumla 160. Na toka safu hii mpaka mwisho zinahitajika gramu... 160. Nimehesabu mara tatu sikuamini.

Basi shamba liishie hapa, viazi vimekuwa vichache mwaka huu, na vyote vilivyobaki viwe ukungu.

Jumamosi, 7 Juni

Sufuria la ukungu, mara ya pili. Magome yale niliyoyaweka kavu, misumari ile ile, mkono ule ule, na rangi imekataa kufanana. Magome yalikauka mwezi mzima, au kipimo changu cha kijiko si kipimo. Zeituni iliingia kwanza ikatoka kijivu kizito chenye ukijani, karibu rangi ya jiwe la kusagia. Malai iliingia baadaye, maji yamekwisha kuchoka, ikatoka kijivu chepesi cha samawati. Sasa nina vijivu vitatu.

Siku nzima nilikuwa na hasira. Usiku nikabandika ile picha ya 4 Mei ukutani juu ya meza. Pale juu kilima kinapokutana na ukungu, wino ni mzito. Ukishuka unazimuka. Chini kabisa karatasi tupu. Picha imejichora hivyo kwa sababu niliilowesha nikaiacha. Vijivu vyangu vitatu viko kwenye mpangilio huo huo, nikivipanga tu.

Njia ya kuunganisha vijivu viwili visivyofanana anaijua kila fundi aliyewahi kuishiwa uzi: unafuma safu mbili kwa donge la kwanza, mbili kwa donge la pili, unarudia, mpaka jicho linachoka kutafuta mpaka. Nitafanya safu kumi na mbili kila mahali pa kukutana.

Jumapili, 15 Juni

Safu ya 171. Kila safu sasa ni dakika ishirini na kitu. Kile kizito hakikutosha kuchanganywa vizuri na kijivu cha kwanza, kilikwisha njiani, umebaki mstari mmoja mweusi-mweusi karibu na safu ya 150. Ukijua ulipo unauona. Nimejiambia hauonekani.

Nje asubuhi majani yana weupe wa barafu. Brashi niliisahau kwenye kikombe dirishani, nimeikuta maji yamevaa ngozi nyembamba juu.

Jumatano, 25 Juni

Nimefunga kitanzi cha mwisho saa tano usiku, uzi wa kufungia umekula zaidi nilivyodhani. Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu, nikaikamua kwa kuiviringisha kwenye taulo na kulikanyaga, kisha nimeitandaza godoroni, nikaivuta na kuibana na pini kuizunguka pande zote. Mimi nalala kwenye mkeka. Kwenye godoro kuna kilima na bonde, na godoro linanuka siki.

Mama mwenye nyumba ameingia kuitazama. Amesimama mlangoni, hakukaribia. Akasema, "Basi sio mweupe, kweli." Akaondoka.

Jumapili, 29 Juni

Basi liliingia saa nne usiku. Mama ameteremka na vikapu viwili vya samaki waliokaushwa, meno yanagongana, na habari za Lushoto hakuzitaja hata kwa bahati mbaya. Nilimpa shikamoo huku namvika shali. Akaivuta mpaka masikioni.

Nyumbani, baada ya chai, aliivua akaikagua kama anavyokagua kanga dukani, pindo kwanza halafu mji, mbele na nyuma. Akainusa. "Ina harufu ya pipa la baba yangu." Kisha kidole chake kikatembea taratibu kushuka kwenye uti wa mgongo, kikapita malai, kikapita kilima, kikapita viazi, kikasimama juu ya ule mstari.

"Hapa uliishiwa uzi."

Nikasema ndiyo, Mama.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni jikoni amesimama, shali mabegani, anatazama bonde. Nimechukua karatasi na kopo la wino nimchore kwa nyuma. Hatulii. Kila nikipaka bega yeye kageuka kuuliza ile miti ni miti gani, na kama kule chini kuna mto au ni ukungu tu. Picha imetoka na mabega matatu.

Uzi uliobaki ni gramu 11. Amesema zinamtosha soksi za kurudia Tanga. Hazitoshi soksi moja.